Maji ya Majivu

Dokta Egbert Byabato alikutwa Jumanne saa tatu asubuhi, amelalia meza kama mwanafunzi aliyechoshwa na somo. Midomo na kucha zake zilikuwa na wekundu wa kupendeza. Ukiacha kwamba alikuwa amekufa, yeye ndiye aliyeonekana na afya kuliko wote waliosimama mlangoni.

Aliyemkuta ni Cleophace, dereva wa mradi, aliyekuja kumchukua kumpeleka mkutanoni Kayanga. Aligonga, akaita, akasukuma mlango. Alipomgusa bega akakuta limekakamaa, akapiga simu polisi.

Inspekta Jovitha Kokuhirwa alifika Chonyonyo na Koplo Gaspari kabla ya saa nne. Walipokuwa wakishuka garini, sauti za majembe zilisikika pande zote migombani. Mvua zilikuwa zimeanza na kila mtu alikuwa akiwahi kupanda maharage. Kisha habari ikatembea. Shamba moja likanyamaza, likafuata la pili, na baada ya robo saa bonde zima lilikuwa kimya na watu wanapanda mlima majembe begani. Huku Karagwe, kama kwao Muleba alikozaliwa Jovitha, mtu akifa kijijini hakulimwi mpaka azikwe. Haijalishi marehemu mlikuwa mnapendana au mnanuniana.

Kituo cha utafiti cha chuo kikuu kilikuwa na jina kubwa na vyumba viwili tu. Kimoja kilikuwa na tanuri la matofali, na bomba la moshi likitokeza juu ya paa. Cha pili ndicho alichofia daktari: meza, mizani, mashine ya kusagia, na unga mweusi uliotanda kila mahali. Mlango wa kati ulikuwa wazi, ili mtu asome kipimajoto cha tanuri akiwa amekaa.

"Dirisha liko wapi?" Jovitha aliuliza.

"Lilikuwepo, afande," Cleophace alisema. "Daktari aliliziba kwa tofali."

"Kwa nini?"

"Unga unapeperuka. Alisema upepo unakula utafiti wake."

Jovitha alisimama mbele ya meza muda mrefu. Unga mweusi ulikuwa umeifunika yote, umefunika kalamu na kikombe na mkono wa marehemu, isipokuwa mstatili mmoja msafi karibu na kiwiko chake, ukubwa wa kauntabuku, lile daftari nene la jalada gumu. Kitu kilikuwa pale, kikaondolewa. Na aliyekiondoa alifanya hivyo unga ukiwa umeshatulia, maana yake baada ya daktari kuacha kupumua.

Gaspari alizunguka nyuma ya jengo. Alirudi na burungutu la majani makavu ya mgomba yaliyosokotwa na kukazwa, alilolikuta kwenye shimo la takataka. Upande mmoja ulikuwa na masizi, mviringo kamili. Walilipima na mdomo wa bomba la moshi. Likaingia sawasawa.

"Na yameloweshwa, afande, ili yasishike moto," Gaspari alisema huku akijifuta mkono kwenye suruali. "Yanateleza kama sabuni. Vidole vinaniwasha."

Daktari wa hospitali hakuhitaji siku mbili. Marehemu aliuawa na hewa ya mkaa, ile isiyo na harufu wala rangi, ambayo humlaza mtu usingizi kabla hajajua kwamba anaumwa. Alikufa Jumatatu jioni, mvua ikinyesha, milango imefungwa, tanuri likiwaka.

Mkuu wa upelelezi wa wilaya alipenda neno ajali. Ajali haina mahakama. Jovitha alipoweka lile burungutu mezani kwake, bosi akalitazama kama mtu aliyeletewa chakula kilichochacha, akaliacha neno ajali na kushika jina la mtu. Jina lenyewe lilikuwa Novatus, fundi wa mitambo wa kituo. Jumamosi iliyopita alikuwa amegombana na daktari hadharani na kijiji kizima kilisikia. Saa kumi jioni Novatus alikuwa mahabusu, na bosi alishapiga simu Bukoba kusema kwamba amemkamata muuaji. Alisema "nimemkamata." Jovitha alikuwa amezoea. Kesi ya wizi wa kahawa aliyoifumbua mwaka juzi ilisifiwa mkoani kwa jina la huyo huyo.

Novatus aliletwa chumba cha mahojiano Jumatano asubuhi. Alikuwa na miaka thelathini hivi, mwembamba, na kabla hajakaa alikohoa mpaka akashika ukuta.

"Unaumwa?"

"Kifua, afande. Unga."

"Jumamosi mligombania nini?"

"Dirisha."

"Dirisha?"

"Nilimwomba azibue dirisha. Akasema nisipopaweza niende, vijana wanaotaka kazi wamejaa barabarani. Nikamwambia Kashaija naye aliomba dirisha. Hapo ndipo alipopandisha hasira."

"Kashaija ni nani?"

Novatus alimtazama kama mtu aliyeulizwa mvua ni nini. Kisha akaeleza, taratibu, akikatizwa na kikohozi. Elipidius Kashaija alikuwa mtoto wa hapo hapo Chonyonyo, akasoma mpaka akaingia shahada ya pili chini ya Dokta Byabato. Daktari alikuwa na fedha za wafadhili na hakuwa na wazo. Alitaka kaboni yenye vitundu vidogo visivyoonekana, ya kuhifadhia umeme wa jua, na kila dawa aliyoagiza ng'ambo ya kuchimbia vile vitundu ilikuwa inaleta uchafu. Kashaija akakumbuka nyumbani. Mama yake, kama bibi yake kabla yake, alikuwa akichoma maganda ya ndizi, anachuja majivu yake kwa maji, na maji yale makali, yanayoteleza na kuwasha ngozi, wanatia kwenye maharage yaive upesi. Kijana akalowesha mkaa wa maganda ya kahawa kwenye maji ya mama yake, akauchoma tena, akausaga.

"Gramu moja tu ya unga ule, afande," Novatus alisema, "ukiweza kuikunjua inatandaza viwanja vitatu vya netiboli. Umeme unakaa humo. Yule kijana alilia siku alipopata majibu. Mimi nilikuwepo."

"Yuko wapi sasa?"

"Alisaga unga ule miezi minane kwenye chumba kisicho na dirisha. Alikufa mwaka jana mwezi wa nne. Walisema kifua kikuu, wakampima hana, wakampima tena hana. Hata mimi wanipime tu."

"Daktari alikuwa na kauntabuku mezani?"

"La Kashaija. Kila kipimo kimo humo, kwa mkono wake. Daktari hakulitoa machoni, alikuwa ananakili."

"Nani mwingine anayegusa maji ya majivu pale kituoni?"

Fundi alikohoa, na safari hii Jovitha aliona kwamba kikohozi kile kilikuwa cha kutafuta muda.

"Mimi," alisema mwishoni. "Andika mimi."

Hakumwandika. Alimrudisha mahabusu, akaenda kununua maziwa ya moto kibandani na kumpelekea mwenyewe, jambo lililowafanya askari wa zamu watazamane. Jibu la swali lake lilikuwamo kwenye maelezo ya mashahidi wa Jumanne. Aliyekuwa akichuja maji ya majivu pale kituoni, na kukoleza moto wa tanuri, ni Mama Benadeta, mama yake Kashaija. Baada ya mazishi daktari alimchukua kazini, na watu wakasema ana huruma.

Lakini kujua si ushahidi. Mama yule alishaandikisha maelezo Jumanne, mafupi na yaliyonyooka: Jumatatu alikoleza moto saa tisa, mvua ikaja, akaenda nyumbani. Kesho yake alisikia habari kama wengine. Kupinga hayo kulihitaji mtu aliyemwona, na mvua ya Jumatatu ilikuwa imemfungia kila mtu ndani.

Alhamisi Jovitha alirudi Chonyonyo kuuliza nyumba kwa nyumba kama kuna aliyemwona Novatus siku ile. Hakutaka kusema anamtafuta nani hasa. Nyumba ya nne ilikuwa ya Joyness, mama wa watoto watano, mwenye maneno mengi na kinyongo kibichi. Hakumwona Novatus. Lakini alikuwa na lake la kusema kuhusu wiki ile: maharage yake hayajapandwa, na wangemaliza kwa Benadeta Jumanne ile ile zamu ingekuwa yake. Walikuwa wanawake sita wanaolimiana kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule.

"Mkaacha msiba ulipotokea," Jovitha alisema, akiinuka.

"Tulianza lini hata tuache? Tulifika na majembe saa moja, mwenyewe katusimamia uani, katurudisha. Leo hakulimwi, akasema. Nyumba yenyewe ilikuwa haijafagiwa."

Jovitha alikaa tena.

"Hakulimwi kwa sababu gani?"

"Si kwa sababu ya msiba?"

"Msiba wa nani, dada?"

"Wa daktari."

"Saa moja?"

Nje kuku walikuwa wakiparua matandazo ya mgombani. Yule mama aliyekuwa na maneno ya kugawa kijiji kizima alivuta ncha ya kitenge chake akaanza kuikunja na kuikunjua, na Jovitha alimwonea huruma, maana alikuwa amemuuza rafiki yake bila kujua. Daktari alikutwa saa tatu. Saa moja alikuwepo mtu mmoja tu Chonyonyo aliyejua kwamba kuna maiti juu ya ardhi, na mtu huyo, baada ya yote aliyoyafanya, alishindwa kuacha jembe lishuke.

Mama Benadeta alikuwa uani kwake, anachambua maharage ya mbegu kwenye ungo. Alikuwa na miaka sitini, mikono imebabuka mpaka kwenye viwiko kwa maji ya majivu. Jovitha alimwamkia kwa Kihaya, akajibiwa kwa Kinyambo cha Karagwe, akaletewa kigoda. Kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna kikaletwa pia. Mama akachukua punje moja akatafuna kwanza, kama mwenyeji anavyopaswa, mgeni ajue haina sumu. Jovitha akachukua yake. Ilikuwa chungu na nzuri, na alitamani angekuwa mgeni wa kawaida.

Gaspari alibaki langoni.

"Mama," Jovitha alisema, "Novatus bado yuko mahabusu."

"Nimesikia."

"Anakohoa sana."

Mikono iliyokuwa ikichambua ikasimama.

"Anatema na damu?"

"Sijaona damu."

"Ikianza damu, inabaki miezi mitatu," mama alisema. "Mpeni maziwa."

"Nimempa. Lakini wakubwa wangu wanataka kumshtaki Jumatatu, na yeye ananiambia nimwandike tu. Nadhani anamficha mtu. Mama, Jumanne uliwarudisha akina Joyness saa moja asubuhi. Daktari alikutwa saa tatu."

Mama Benadeta aliutazama ungo. Hakuonekana kushtuka, alionekana kama mtu aliyekumbushwa kwamba ameacha chungu motoni. Aliwaza kidogo, kisha akatikisa kichwa polepole.

"Sikufikiri kabisa," alisema. "Niliwaona na majembe, nikasema hakulimwi. Mtu amekufa, utalimaje?"

Jovitha alimpa onyo kama sheria inavyotaka: kwamba halazimiki kusema lolote, na kwamba lolote atakalosema litaandikwa na laweza kutumika mahakamani. Mama akasikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Kisha akaeleza, na hakuna aliyemkatiza.

Alisema siku ya mazishi ya mwanawe, Dokta Byabato alisimama kaburini na kipaza sauti, akaahidi mbele ya mchungaji kwamba dunia itamjua Elipidius Kashaija kwa kazi yake. Mama alimwamini. Alikwenda kumchujia majivu kwa moyo mmoja kwa sababu ilikuwa kazi ya mtoto wake. Mwaka ukapita. Ijumaa iliyopita kulikuwa na maonyesho Rubwera, upande wa Kyerwa, na daktari alimbeba akaoneshe wageni jinsi majivu yanavyochujwa. Alivaa kitenge kipya. Pale Rubwera kulikuwa na bango refu kuliko mlango, lina picha ya tanuri na ya chupa ya majivu. Yeye kusoma anajua, alifika darasa la saba. Alisoma bango lote, juu mpaka chini, mara mbili. Jina lilikuwa moja tu.

"Nikamsikia anawaambia wageni kwamba wazo lilimjia alipokuwa masomoni Ulaya. Mimi nimesimama pale, na chujio langu mkononi. Walipoondoka nikamuuliza, daktari, na Elipi? Akaniambia, mama, marehemu hapandishwi cheo."

Jovitha aliiandika kauli hiyo kama ilivyo.

"Alisema akicheka kidogo. Hakuwa na ubaya usoni. Alikuwa ananielimisha."

Jumatatu alikoleza moto saa tisa. Mvua ilipoanza, daktari akafunga mlango wa nje, akakaa na kauntabuku lile. Mama alisokota majani ya mgomba, akayalowesha kwa maji yake ya majivu, akapanda ngazi ambayo Novatus huitumia kusafishia bomba. Akaziba. Akashuka, akaenda nyumbani, akapika. Alfajiri akarudi, akaondoa majani akayatupa, akaingia, akachukua kauntabuku la mwanawe karibu na kiwiko cha marehemu.

Lilikuwa ndani, limefungwa kwenye kitambaa cha kanisani. Alilileta mwenyewe.

Jovitha aliushika mkono wake uliobabuka. Alijua hakupaswa kusema alichotaka kusema, lakini akasema.

"Mama, labda ulitaka akohoe tu. Akohoe kama mwanao, ajue. Hukujua kwamba hewa ile haimkohozi mtu, inamlaza. Kama ni hivyo, niambie, niandike hivyo. Si sawa na kuua kwa kukusudia."

Lango lililia kidogo pale Gaspari alipoliegemea. Mama Benadeta alimtazama inspekta usoni kwa mara ya kwanza tangu amkaribishe, na macho yake yalikuwa na upole uliomuumiza Jovitha kuliko machozi.

"Mwanangu, nimechoma mkaa na majivu miaka arobaini. Nilijua. Usiniandikie uongo. Elipi ameandikiwa uongo, inatosha."

Akamwita Joyness kwa sauti, ng'ambo ya migomba, aje kuchukua kuku na ungo wa mbegu. Joyness alikuja akasimama mbali, analia. Mama akamuuliza inspekta daktari anazikwa lini. Akajibiwa kesho, kwao Bukoba.

"Basi Jumamosi limeni," alimwambia Joyness. "Anza kwako. Kwangu paacheni."

Aliketi nyuma ya gari bila pingu. Gaspari alikuwa amezishika mkononi, lakini hakuna aliyemwambia azitumie naye hakuuliza.

Siku iliyofuata mama alirudia maelezo yake mbele ya mlinzi wa amani, ofisa wa mahakama anayepokea maungamo, neno kwa neno, na kukataa kupunguza hata moja. Novatus alitolewa mahabusu. Alimkuta mama kwenye benchi la kaunta, akapiga magoti mbele yake, akashindwa kusema kwa sababu ya kikohozi. Mama akampiga-piga mgongo kama mtu anayemtuliza mtoto mchanga, akamwambia aende hospitali kubwa, si zahanati.

Bosi alimpongeza Jovitha mlangoni, kisha akaingia ofisini kupiga simu Bukoba. Redio ilisoma salamu za rambirambi za chuo. Marehemu alitajwa kuwa taa iliyozimika, na ikatangazwa kwamba ugunduzi wa kuhifadhi umeme kwa mkaa wa kahawa na majivu ya ndizi utaitwa kwa jina lake ili vizazi vijavyo visimsahau. Jovitha aliizima redio, akabaki na hasira ambayo haikuwa na mtu wa kuikamata.

Wiki mbili baadaye ikaja barua ya chuo, yenye nembo na mihuri miwili. Uongozi ulisikitishwa na yote yaliyotokea. Aidha, uliomba kurudishiwa haraka kauntabuku lililokutwa kwa mshtakiwa, kwa kuwa ni mali ya mradi na kazi haiwezi kuendelea bila vipimo vilivyomo.

Jovitha aliisoma akiwa amesimama. Kisha akafungua kabati la vielelezo, akalitoa kauntabuku. Kurasa zilikuwa na alama za vidole vyeusi, na katikati ya safu za tarakimu kijana alikuwa ameandika pembeni, kwa herufi ndogo: *leo mama ameniuliza unga huu unasaidia nini, nimemwambia utawasha taa.*

Alijibu barua kwa mistari miwili. Kauntabuku ni kielelezo namba tatu katika kesi ya mauaji, na litabaki mikononi mwa sheria mpaka mahakama itakapoamua.

Fomu ya vielelezo ilikuwa bado haijakamilika. Namba ya jalada ilishajazwa, tarehe ilishajazwa, maelezo ya kitu yalishajazwa. Ilibaki nafasi moja chini, ya jina la mwenye mali. Inspekta aliijaribu kalamu kwenye kiganja kuona kama inatoa wino, akaandika kwa herufi kubwa, akigandamiza mpaka ikatokea kwenye nakala ya tatu: ELIPIDIUS KASHAIJA, MAREHEMU.